Je, Wajua? Kubadili Paneli ya Kiyoyozi cha Gari

Je, wajua kwamba mwenye kutaka kubadili paneli ya vitufe vya hita na kiyoyozi cha gari lake, hata awe fundi hodari, hana budi kuanzia penye betri, wala si kwenye dashibodi? Huzima gari, akatoa ufunguo, kisha kwa spana, ambayo katika magari mengi ya Kijapani ni namba 10, akafungua waya wa hasi na kuuweka kando. Tena asifanye pupa, kwa kuwa mtambo wa mifuko ya hewa huhifadhi umeme wa akiba kwa muda baada ya betri kukatwa, na kitabu cha gari ndicho kisemacho angojee dakika ngapi. Nyaya za mifuko hiyo, aghalabu za manjano, haziguswi. Mabomba ya gesi nayo hayahusiki hapa, kinyume cha wadhanivyo wengi.

Hapo ndipo huijia dashibodi: fremu izungukayo paneli hubanduliwa kwa kipande cha plastiki, maana bisibisi huvunja vishikizo. Na soketi ya nyaya iliyo nyuma ya paneli huchomolewa kwa kubonyeza ulimi wake, si kwa kuvuta waya, tabia mbovu iliyokithiri. Katika magari ya zamani yenye kebo za chuma, kila kebo hutiwa alama kabla ya kufunguliwa, la sivyo zitarudishwa kimakosa na itaombwa baridi lije joto.