Mzee, usivue jezi; badili namba

Joto la Msangano si la kuchezea. Bonde hili la Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, liko chini kuliko Mbozi na Tunduma, na joto hilo ndilo linalostawisha mpunga na ufuta wake. Kwa hiyo mwenye akili hachezi mpira saa nane mchana. Anasubiri jioni, jua lilegee.

Mchukue baba mmoja wa kata hii, mwenye miaka 58. Huyu ni wa kufikirika, lakini wazazi wengi watajiona ndani yake. Ujanani alikuwa namba 7, winga wa kulia, na walimfahamu hadi vijiji vya jirani. Sasa anacheza timu ya maveterani kila Jumapili. Siku moja pasi inapigwa pembeni, ile ile aliyozoea kuifukuzia. Anaitazama, anajua itaishia wapi, anaanza kukimbia. Kichwa kinafika, miguu haifiki. Beki wa miaka 40 anamtangulia, wanagongana, na usiku huo goti limevimba.

Asubuhi simu inaita kutoka Tunduma. Ni mwanawe wa kwanza, anayefanya biashara mpakani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama kaniambia habari za goti. Baba, mpira sasa basi. Ukivunjika, shamba atalima nani?"

"Nimekusikia."

Jumapili inayofuata baba anabaki nyumbani. Viatu vinaingia uvunguni. Mama anapumua, mtoto anaridhika kwamba amesikilizwa, na kila mmoja anaona jambo limekwisha vizuri.

Ukweli ni kwamba halijaisha. Baba huyu hakuacha kukimbiza mpira tu. Ameacha kutembea kwenda uwanjani na kurudi, ameacha kicheko cha rika lake, ameacha siku pekee ya wiki ambayo haitwi baba fulani bali anaitwa kwa jina lake la utani la ujanani. Na yote haya yanatokea kwa nia njema ya watu wanaompenda.

Mama naye ana ya kwake. Mwingine huachishwa netiboli, mwingine ngoma, mwingine kwenda mnadani kwa miguu kwa sababu sasa kuna bodaboda. Anaambiwa, "Mama, pumzika." Anapumzika mwaka mmoja, na wa pili anashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono.

Mwili unapungua kweli

Hakuna haja ya kudanganyana. Kuanzia miaka ya 30 na kitu, mtu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Moyo nao una kikomo kinachoshuka. Kwa makadirio yanayotumika sana, ukitoa umri wako kwenye 220 unapata idadi ya juu ya mapigo kwa dakika: 200 kwa kijana wa miaka 20, 160 kwa mtu wa miaka 60. Mishipa inayounganisha misuli na mifupa hukakamaa, na kidonda cha wiki moja kinakuwa cha wiki tatu.

Lakini misuli isiyotumika hupungua haraka zaidi, kwa mzee na hata kwa kijana. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima kufanya mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na halipunguzi dakika hizo anapofika miaka 65. Badala yake linamwongezea: mazoezi ya nguvu na ya kulinda mizani ya mwili angalau siku tatu kwa wiki, ili asianguke. Kwa hiyo anayemwambia mzee "kaa tu" humpunguzia hatari moja na kumwongezea nyingine isiyoonekana haraka.

Wenye gofu walivyotatua tatizo hili

Msangano hakuna gofu. Viwanja vyake nchini vinahesabika, kama Gymkhana ya Dar es Salaam na ya Arusha, Lugalo, Moshi na Morogoro. Wengi huuona mchezo wa wenye nafasi. Hata hivyo kuna jambo ambalo wacheza gofu walilitatua zamani, na maveterani wa Momba wanaweza kulichukua bila kulipia chochote.

Katika gofu mshindi ni aliyepiga mikwaju michache hadi mpira uingie kwenye mashimo yote 18. Mzee wa miaka 70 hawezi kuupeleka mpira mbali kama kijana wa miaka 25. Mchezo haumfukuzi, unampa hesabu iitwayo handikapu. Mwenye handikapu ya 18 akipiga mikwaju 90, anapunguziwa 18 na inaandikwa 72. Uwezo ukishuka, handikapu inapanda. Babu na mjukuu wanaweza kushindana siku hiyo hiyo, na babu akashinda kwa haki.

Pia kila shimo lina sehemu kadhaa za kuanzia, nyingine nyuma na nyingine mbele. Anayepungukiwa nguvu husogea mbele. Wapo wanaume wanaokataa kwa kiburi, wakahangaika nyuma kule hadi mchezo ukawachosha wakauacha. Wanaokubali kusogea huendelea miaka mingi.

Tena gofu ina lengo ambalo kijana hawezi kulifikia: kumaliza mashimo 18 kwa mikwaju isiyozidi umri wako. Kijana wa miaka 30 hawezi kupiga mikwaju 30. Mzee wa miaka 75 anaweza kupiga 75, akajisifu wiki nzima.

Mjerumani Bernhard Langer, aliyezaliwa 1957, alishinda mashindano makubwa ya Masters huko Augusta, Marekani, mwaka 1985 na 1993. Februari 2024, akiwa na miaka 66, alikatika mshipa wa kisigino. Miezi mitatu hivi baadaye alirudi uwanjani, na Novemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 67, alishinda tena, kwenye ligi ya wenye miaka 50 na zaidi. Mwaka 2025 aliiaga Masters, akikosa kuingia raundi mbili za mwisho kwa mkwaju mmoja tu. Kule wote hupiga kutoka sehemu moja na hakuna handikapu, na uwanja ulikuwa umemzidi urefu. Kwa hiyo aliuaga uwanja huo mmoja, si gofu.

Mfano wa Roger Milla

Kwa wapenzi wa soka, mfano upo karibu zaidi. Katika Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia, Roger Milla wa Kameruni alikuwa na miaka 38. Mabao yake yote manne aliyafunga akitokea benchi. Kameruni ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Mwaka 1994 alifunga tena dhidi ya Urusi akiwa na miaka 42, vilevile akitokea benchi. Angedai kucheza dakika zote 90 kama zamani, huenda dunia isingemkumbuka hivyo. Alikubali dakika chache akazitumia vizuri.

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Miguu inazeeka, lakini jicho la winga linaloona pasi kabla haijapigwa halizeeki upesi. Kazi ni kulitafutia jicho hilo namba inayolifaa.

Kwa anayecheza

Winga arudi katikati au beki, mahali pa kupanga zaidi ya kufukuza. Timu ikubaliane vipindi vya dakika 20 au 25, kuingia na kutoka bila kikomo, na daluga marufuku. Kabla ya mechi, dakika 10 hadi 15 za kutembea haraka na kupasha mwili, si kutoka kwenye benchi moja kwa moja kufukuzia mpira. Kwenye joto la bonde, maji yanywewe kabla ya kiu.

Pima shinikizo la damu kwenye zahanati au kituo cha afya, hasa kama umekaa miaka bila kucheza. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au pumzi inakata kuliko kawaida, toka uwanjani na uende kutibiwa siku hiyo hiyo. Goti likivimba, siku mbili za kwanza ni kulipumzisha, kuinua mguu na kuweka kitambaa cha maji baridi, si kulikanda kwa maji ya moto. Lisipotaka kubeba uzito, lionwe na mganga.

Asiyeweza mpira kabisa, anaweza kutembea. Asimame kwa mguu mmoja akishikilia fremu ya mlango, kisha abadilishe. Ainuke kwenye kigoda bila kutumia mikono, mara kumi asubuhi na jioni. Bao na drafti vina faida yake ya akili na ya kukaa na watu, lakini havichukui nafasi ya miguu.

Kwa watoto wake

Mtoto anayempigia baba simu anaogopa, na hofu yake ina sababu. Gharama za matibabu atazibeba yeye. Lakini kuna tofauti kati ya "acha" na "utachezaje?" La kwanza linafunga mlango. La pili linamwachia mzee uamuzi juu ya mwili wake, na hapo ndipo heshima ilipo.

Kama una fedha kidogo, mnunulie viatu vinavyomtosha badala ya kumnyima uwanja. Ukirudi nyumbani kwa likizo, mwulize anacheza namba gani siku hizi. Nenda ukamwangalie. Na wewe mwenye miaka 35 unayesoma haya kwenye simu ukiwa umekaa tangu asubuhi, kumbuka kwamba misuli yako nayo imeanza safari hiyo hiyo.

Turudi kwa baba yetu wa kufikirika. Wiki ya tatu mtoto anapiga tena.

"Baba, goti linaendeleaje?"

"Limepona. Nimekaa tu."

Kimya kidogo. "Nimeongea na nahodha wenu. Amesema beki wa kati hawana."

"Mimi beki?" Mzee anacheka. "Mimi ni namba 7."

"Najua, baba. Jaribu dakika 20."

Jumapili, jua likilegea, mama anainama uvunguni kutafuta viatu.