Printa ya leza nyumbani: Usiiweke chumba anacholala mtoto

Dar es Salaam. Jumapili saa mbili usiku, kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la nne linaanza kuita. Mwalimu ametuma jaribio la hisabati, kurasa sita, na anataka kila mtoto aje nalo kesho asubuhi likiwa limejazwa. Steshenari ya mtaani imeshafungwa.

Kwa mzazi anayefanya kazi zake nyumbani, hiyo ni nusu tu ya habari. Kuna ankara za wateja, mikataba ya wapangaji, fomu za bima ya afya, na nakala za cheti cha kuzaliwa zinazotakiwa kila muhula kana kwamba mtoto huzaliwa upya.

Lipo pia jambo ambalo mimi, kama mwandishi wa habari za afya, hunisumbua kuliko foleni. Ili wachapiwe, wengi hutuma nyaraka kwenye namba ya WhatsApp ya duka. Majibu ya maabara, kadi ya kliniki, nakala ya kitambulisho cha Nida, vyote hubaki kwenye kompyuta ambayo kila anayeingia anaiona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haimfutii mtu faili lililosahaulika kwenye mashine ya duka.

Ndiyo maana swali la printa ya nyumbani, hasa ile ya leza isiyotumia waya, linarudi mara kwa mara kwa wazazi wanaofanyia kazi nyumbani. Kabla ya kutoa fedha, yapo mambo ya kujua, na moja linahusu hewa ambayo watoto wako wanavuta.

Unga, si wino

Printa ya wino hunyunyiza matone madogo kwenye karatasi. Ikikaa wiki kadhaa bila kazi, wino huweza kukauka kwenye matundu yake, na siku unapoihitaji hutoa mistari myeupe katikati ya maandishi.

Printa ya leza hutumia unga mkavu uitwao tona. Mwale wa leza huchora ukurasa kwenye ngoma yenye chaji ya umeme, unga hunata palipochorwa, kisha huhamia kwenye karatasi. Karatasi hiyo hupita kwenye rola yenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na plastiki iliyomo ndani ya unga huyeyuka na kushika. Ndiyo sababu karatasi hutoka ikiwa ya moto, na maandishi hayachuji hata yakidondokewa maji.

Tona haikauki. Unaweza kuzima mashine Desemba, ukasafiri na familia kwenda Moshi au Bukoba, ukarudi Januari na ikachapa ukurasa wa kwanza bila maneno. Kwa nyumba ambayo kazi zake za kuchapa hupanda na kushuka kufuata mihula ya shule, faida hii pekee inatosha.

Udhaifu wake ni rangi. Printa za leza za rangi zipo, ila hubeba katriji nne, na siku ya kuzibadilisha zote utajua. Mwenye kazi nyingi za rangi, kama kadi za mialiko au michoro ya chekechea, printa ya wino yenye matangi kama Epson EcoTank inamfaa zaidi, mradi aitumie mara kwa mara. Na anayechapa kurasa kumi kwa mwezi, kwa maoni yangu, aendelee kwenda steshenari. Aende na faili kwenye flashi yake, asimame pale, na ahakikishe limefutwa.

Soma herufi za kwenye boksi

Wauzaji wengi watakwambia mashine "ina network". Usiishie hapo. Kwenye printa za HP na Brother, herufi za mwisho wa jina la modeli zina maana. D ni kuchapa pande mbili za karatasi bila wewe kuigeuza. N ni kuunganishwa mtandao kwa waya. W ndiyo Wi-Fi. Mashine iliyoandikwa "dn" haina Wi-Fi, hata kama inafanana kabisa na yenye "dw" iliyo pembeni yake.

Kwa HP ipo pia herufi e. Baadhi ya matoleo yenye e mwishoni yalitengenezwa yakihitaji intaneti muda wote na kukubali tona halisi za kampuni hiyo tu. Kwa nyumba ambayo bando huisha katikati ya mwezi, hiyo si ndoa nzuri.

Kama bajeti inaruhusu, chukua yenye skana. Mzazi anayefanyia kazi nyumbani hurudisha fomu zilizosainiwa karibu mara nyingi kama anavyozichapa.

Kwa wanaonunua zilizotumika kutoka nje, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Printa iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa volti 110 hadi 127, na ukiichomeka ukutani moja kwa moja itaungua.

Halafu, bei. Ulizia bei ya tona kabla ya bei ya printa. Mashine nyingi mpya huja na katriji ya kuanzia, ambayo hujazwa unga kidogo kuliko ile utakayonunua baadaye, kwa hiyo usishangae ikiisha mapema.

Chukua mfano. Katriji ya Sh90,000 inayotoa kurasa 1,500 ni Sh60 kwa ukurasa. Katriji ya Sh60,000 inayotoa kurasa 700 ni karibu Sh86. Ile iliyoonekana rahisi dukani ndiyo ghali. Ongeza na karatasi: rimu ya karatasi 500 kwa Sh12,500 ni Sh25 kila moja. Jua pia kwamba idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye katriji hupimwa kwa kurasa za maandishi ya kawaida, yanayofunika takriban asilimia tano ya karatasi. Zoezi la chekechea lenye tembo mweusi mzima litakula zaidi.

Uliza pia kuhusu ngoma. Kwenye printa nyingi ndogo za HP ngoma imo ndani ya katriji, ukibadilisha kimoja umebadilisha vyote. Kwenye Brother nyingi za nyumbani ni vitu viwili, na ngoma nayo ina siku yake ya kununuliwa.

Hewa ya chumbani

Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Profesa Lidia Morawska, walichapisha matokeo ya kupima printa 62 za ofisini. Kati yake, 17 zilitoa hewani chembechembe nyingi ndogo mno, ambazo macho hayazioni na ambazo zinaweza kufika ndani kabisa ya mapafu. Nyingi kati ya zilizobaki hazikutoa kitu cha maana. Utafiti uliofuata wa timu hiyo ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya chembe hizo si unga wa tona unaoruka, bali ni mvuke unaotoka kwenye tona na karatasi vinapopashwa moto, kisha ukapoa na kuganda hewani.

Je, ina maana kurasa sita za hisabati zitamuumiza mtoto? Hapana. Tatizo ni chumba. Ofisini mashine huwa ukumbini, kwenye nafasi kubwa. Nyumbani kwetu huishia juu ya kabati la chumba cha kulala, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu au kiyoyozi kinawaka, na kitanda cha mtoto kipo hatua mbili. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinazungusha na kupoza ileile iliyomo ndani. Mtoto mdogo naye huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake.

Kwa hiyo weka printa sebuleni au kwenye varanda iliyofungwa vizuri, karibu na dirisha linalofunguka. Tundu la feni linalotoa hewa ya moto lisielekee kiti chako wala mahali watoto wanapokaa. Ukiwa na kazi ndefu, ya kurasa hamsini au mia, fungua dirisha na usiinamie mashine kusubiri karatasi. Isiwe chini ya meza, jirani na magoti ya mtoto anayefanya kazi za shule.

Kwa familia yenye mtoto wa pumu, huu si ushauri wa hiari. Chapa akiwa hayupo chumbani. Ukiona anakohoa au kifua kinabana kila mashine inapofanya kazi, mpeleke kwa daktari na ulitaje jambo hilo, maana si swali ambalo daktari atalifikiria mwenyewe.

Mashine za zamani zina jambo la ziada: nyingi hutumia waya wa volti kubwa unaozalisha gesi ya ozoni, yenye harufu kali kama ya cheche za umeme. Printa nyingi za kisasa hutumia rola badala ya waya huo na hutoa ozoni kidogo sana. Ukiiwasha iliyotumika ukasikia harufu hiyo, iache dukani. Anayenunua mpya anaweza kutafuta alama ya Blauer Engel ya Ujerumani kwenye maelezo ya modeli. Vipimo vyake vinajumuisha chembe hizo.

Kuiwasha na kuiunganisha

Toa tepu zote za plastiki, za nje na za ndani. Chomoa katriji, itikise taratibu upande kwa upande mara tano, kisha irudishe. Usiguse ngoma, ile rola inayong'aa yenye rangi ya kijani au buluu, na usiiache kwenye mwanga wa jua.

Ichomeke ukutani moja kwa moja. Matumizi yake ya umeme kwa mwezi ni madogo, kwa sababu hufanya kazi dakika chache tu, lakini inapopasha rola huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Taa kufifia kidogo ni kawaida. Usiichomeke kwenye betri ya akiba ya kompyuta wala kwenye inveta ndogo ya sola. Havikutengenezwa kwa mzigo huo.

Sasa Wi-Fi, ambako watu wengi hukwama. Pakua programu ya kampuni ya printa kwenye simu, washa mashine, na ufuate maelekezo. Kama printa haiuoni mtandao wa nyumbani, sababu ya kwanza ya kuangalia ni masafa. Ruta nyingi hurusha mitandao miwili, wa gigahezi 2.4 na wa 5, na printa nyingi za bei nafuu zinaelewa wa 2.4 tu. Unganisha simu yako kwenye huo kwanza. Ukitumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio uchague 2.4 pia.

Ukichelewa, usikate tamaa. Kwenye printa nyingi za HP, hali ya maandalizi hudumu saa mbili tu kisha hujizima, na inabidi uirudishe kwa vitufe vilivyoelezwa kwenye kijitabu.

Nyumba isiyo na ruta haijakosa. Printa nyingi zenye W hurusha mtandao wao wenyewe, jina lake likianza na neno DIRECT. Unganisha simu hapo na uchape, bila kula bando. Weka nywila ngumu, la sivyo jirani wa ghorofa ya juu naye atachapa. iPhone hutumia AirPrint iliyomo ndani ya simu. Kwa Android, kama printa haionekani, pakua Mopria Print Service.

Usumbufu unaojirudia ni huu: umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kuipa printa anwani mpya, na kompyuta ikaendelea kuitafuta kwa anwani ya zamani na kudai haipo. Dawa ya haraka ni kuzima vyote, kuwasha ruta kwanza, kusubiri dakika mbili, kisha printa. Dawa ya kudumu ni kumwomba fundi wa intaneti aitengee printa anwani moja isiyobadilika. Ni kazi ya dakika tano.

Kwa wakazi wa pwani, karatasi zilizobaki zirudishe kwenye rimu yake na uifunge. Unyevu huzikunja, na karatasi iliyolainika ndiyo hukwama.

Mtoto, joto na unga

Karatasi ikikwama, mtoto asifungue mfuniko. Rola ya ndani huunguza, na hukaa na joto kwa muda baada ya kuzimwa. Zima, subiri ipoe, vuta karatasi polepole kwa mikono miwili.

Unga ukimwagika, silika ya mama wengi ni maji ya moto na sabuni. Hayo huufanya ushike nguo au ngozi. Tumia kitambaa chenye maji ya baridi, na kwa mikono maji ya baridi pia. Usifagie, maana utaurusha hewani, na usitumie mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi, kwa kuwa chembe hizo hupita kwenye chujio lake. Weusi wa tona nyingi unatokana na kaboni nyeusi, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la 2B: inawezekana inasababisha saratani, ingawa ushahidi kwa binadamu hautoshi. Ndani ya katriji iliyofungwa haimsumbui mtu. Kujaza tona juu ya meza ya chakula ni jambo jingine. Mwachie fundi, na afanyie nje.

Katriji iliyokwisha isiingie kwenye shimo la taka linalochomwa. Unga uliobaki ndani unaweza kulipuka cheche ukikutana na moto, na moshi wa plastiki yake hauna nafuu. Ifunge kwenye mfuko na uirudishe kwa muuzaji au kwa mafundi wanaojaza tona, ambao wengine huzinunua.