Lita mbili, lita nne au kufunga tu: kusafisha utumbo kabla ya kumeza kamera

Kidonge chenye kamera hakina matumizi ya pili. Ukishakimeza, kinashuka tumboni kikipiga picha mbili au zaidi kila sekunde kwa saa 8 hivi, picha zaidi ya 50,000, kisha unakitoa chooni na habari yake inaishia hapo. Bili kubwa ni yake. Kwa hiyo unapoona dawa ya kusafisha tumbo imeongezwa kwenye orodha ya malipo, usiifute haraka kwa kudhani umebana matumizi.

Kamera hii haina maji ya kuoshea wala mrija wa kufyonza. Daktari anayetumia mpira wa kawaida wa kuchungulia tumbo akikuta uchafu, anauosha na kuendelea. Kidonge kikikuta nyongo nzito, povu au mabaki ya maharage, kinayapiga picha hayo hayo na kupita. Kidonda kidogo kinachovuja damu kinaweza kuwa nyuma ya povu hilo.

Njia isiyo na gharama ni kula vyepesi, kubaki na vinywaji vinavyopitisha mwanga siku ya kuamkia kipimo, kisha kufunga usiku kwa muda wa saa 10 hadi 12. Chai ya rangi inafaa, na supu iliyochujwa, na maji ya dafu bila nyama yake. Juisi ya rozela iache, kwa maana wekundu wake unaweza kudhaniwa damu. Zipo hospitali zinazoishia hapo, na si kwa uzembe: tafiti zinaonyesha kwamba dawa ya kuharisha huboresha picha, lakini hazijaafikiana kama inasaidia kugundua magonjwa mengi zaidi.

Juu ya njia hiyo kuna poda ya poliethilini glaikoli, inayokorogwa kwenye maji lita 2. Haifyonzwi mwilini kwa kiasi cha maana. Inabaki na maji yake na kusukuma kila kitu nje. Jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa endoskopia ya tumbo ilipendekeza kiasi hicho mwaka 2018, pamoja na simethikoni, dawa ya kuvunja povu. Simethikoni ni ile ile ya gesi inayouzwa maduka ya dawa, na katika orodha yote sijaona kitu kinachofanya kazi kubwa kwa pesa ndogo kuliko hiyo.

Ukiandikiwa lita 4, muulize daktari sababu. Kwa utumbo mwembamba, lita mbili za ziada hazijathibitika kuleta picha bora zaidi, ila zinaongeza poda, kichefuchefu na usiku wa kutolala. Kwa anayeishi nyumba ya kupanga, choo kimoja uani na maji ya ndoo, tofauti ya lita 2 na lita 4 ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi ya bei. Ningemshauri alale kwa ndugu mwenye choo cha ndani, na ajihesabie siku mbili bila kibarua.

Fosfati ya sodiamu, dawa nyingine ya kusafisha tumbo, inavutia kwa kuwa unakunywa kidogo. Mimi nisingemnunulia mama yangu. Inaweza kuumiza figo, na mwaka 2008 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliamuru vidonge vyake vya kusafisha tumbo viandikwe onyo lenye uzito wa juu kabisa. Mzee, mwenye ugonjwa wa figo au moyo, au anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini asiiguse bila daktari kuamua. Mwenye kisukari naye apangiwe upya sindano na vidonge vyake kabla ya kufunga.

Kuna kosa moja linaloharibu picha hata baada ya kununua dawa zote. Wengi wanaofanyiwa kipimo hiki wana upungufu wa damu, na wanameza vidonge vya madini ya chuma, ambavyo huchafua utumbo kwa weusi. Daktari kwa kawaida huvisimamisha wiki moja hivi kabla. Kama hakukutajia, mkumbushe.

Kabla ya kulipa, uliza dirishani, na bima yako pia, kama bei iliyotajwa inajumuisha poda, simethikoni na usomaji wa picha, na kama picha zikitoka mbovu, kidonge cha pili kitalipwa na nani. Jibu hilo liombe kwa maandishi.