Laini ya jiko inapopelekwa kibandani

Katika nyumba nyingi mpya za Ngara mjini, Biharamulo na Nyakanazi, ukutani jikoni kuna swichi kubwa yenye taa nyekundu ambayo haijawahi kuwasha kitu. Fundi aliifunga kwa kuwa ramani ilitaka hivyo. Mwenye nyumba akaendelea na mkaa wake au mtungi wa gesi. Hiyo ndiyo laini ya jiko, mafundi huiita ya kuka. Inafika siku familia inafungua saluni kwenye kontena mbele ya nyumba, au kijana anataka friji la soda kando ya barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo, ambako hupita malori ya Rwanda na Burundi. Laini ipo, haina kazi, basi ivutwe hadi nje.

Hamu hiyo ina sababu. Zamani wilaya za Ngara na Biharamulo zilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Sasa mtambo wa maporomoko ya Rusumo, wenye megawati 80 zinazogawanwa na Tanzania, Rwanda na Burundi, umeunganishwa na Nyakanazi kwa njia ya kilovolti 220. Umeme ukizidi kuaminika, watu huzidisha vyombo.

Na wazo lenyewe si baya. Ulaya na Marekani, wenye magari ya safari yenye vitanda na jiko ndani hugeuza laini ya zamani ya nyumba iwe tundu la kuchomekea gari uani. Wamarekani wana mtego wao hapo: laini ya mashine ya kukaushia nguo ni ya ampea 30 kwa volti 240, wakati tundu la gari la ampea 30 ni la volti 120. Anayetazama ampea pekee huunguza kila kilichomo garini. Kwetu nyumba ya kawaida ina volti 230 tu, ila penye fezi tatu, kama kwenye mashine ya kusaga, fezi kwa fezi ni 400. Fundi akikosea hapo, friji halitadumu.

Tuanze na waya. Laini ya jiko kwa kawaida huwa na waya wa milimita za mraba 6 na breka ya ampea 32, yaani takriban wati 7,360. Hizo zinatosha draya la saluni, friji na taa kwa pamoja. Tatizo huanza pale fundi anapotoka jikoni na waya mwembamba wa 1.5 kwa sababu bei yake ni rahisi, huku breka ya 32 ikibaki palepale. Joto kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo: ukipandisha kutoka ampea 15 hadi 30, joto huwa mara nne. Plastiki italainika na kuungua ndani ya bomba, na breka haitaruka, maana kwake ampea 30 ni halali. Ama waya wa 6 uendelee hadi mwisho, ama breka ishushwe ilingane na waya mwembamba kuliko wote kwenye njia hiyo. Kwa waya wa 2.5, ampea 20 kwa kawaida ndizo zinazofaa.

Hayo ni ya moto. Ya moyo ni mengine, na ndiyo yanayopuuzwa zaidi.

Mwili uliolowa una ukinzani wa takriban omu 1,000. Ukigusa volti 230, mkondo wa karibu miliampea 230 unapita, wakati kiasi cha miliampea 30 hadi 50 kikidumu kinaweza kuuvuruga mdundo wa moyo. Breka ya ampea 32 inahitaji zaidi ya mara elfu moja ya miliampea 30 ndipo iruke. Haikuwekwa kwa ajili yako. Iliwekwa kwa ajili ya waya.

Sasa fikiria kontena lililowekwa juu ya mawe, au gari lililosimama juu ya matairi ya mpira. Waya ukichubuka ndani na kugusa bati, chombo kizima kinakuwa na umeme bila dalili yoyote. Wa kwanza kukanyaga ardhi na kushika mlango ndiye anayekuwa njia. Watu husema, "Tumechimbia ethi." Vizuri, lakini Julai udongo umekauka, na ufito mmoja unaweza kuwa na ukinzani wa omu 50 au zaidi. Gawanya 230 kwa 50: ampea 4.6. Breka haitatikisika.

Ndiyo maana laini inayotoka nje lazima ipitie RCD ya miliampea 30. Kifaa hiki hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Unaorudi ukipungua kidogo, kinakata kabla moyo haujavurugika. Pia bati la kontena lifungwe kwenye waya wa ethi. Bila hivyo viwili, mimi nisingeruhusu mtoto asogee.

Mtu akinaswa, zima meni swichi kwanza, usimshike. Kama hapumui, mkandamize kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika huku wengine wakitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Hata aliyeinuka mwenyewe apelekwe hospitali ya Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, kwani mdundo wa moyo unaweza kuwa haujatulia, na mkojo mweusi ni ishara kwamba misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Pakiwaka moto, Zimamoto ni 114.

Kazi hii apewe fundi mwenye leseni ya EWURA. Omba kuiona kabla hajapanda ngazi. Kwenye RCD kuna kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi, na kisipokata umeme, usifungue biashara mpaka kifaa kibadilishwe.