Kituo cha Kulelea Watoto: Mzazi Achunguze Nini?

Mama mwajiriwa wa Tanzania Bara hupewa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Siku hizo zikiisha hana budi kurudi kazini, na mtoto wake bado hajaweza hata kukaa. Zamani mtoto huyo angebaki mikononi mwa bibi au shangazi. Mijini, ambako bibi yuko mbali na shangazi naye ana ajira yake, wazazi wengi huelekea kwenye kituo cha kulelea watoto mchana. Wafikapo huko huona kuta zilizochorwa wanyama, bembea mpya na sare nadhifu. Je, hayo ndiyo yamfaayo mtoto?

Ubongo unavyojengwa

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake una ukubwa wa karibu robo ya ubongo wa mtu mzima. Atimizapo miaka mitatu, huwa umefikia takriban asilimia 80. Katika muda huo mfupi chembe za neva huungana kwa wingi mno. Maungano yanayotumika mara kwa mara huimarika, na yasiyotumika hufifia. Mtoto hutoa sauti, mtu mzima akamjibu; mtoto huonyesha kitu kwa kidole, mtu mzima akakitaja jina. Mazungumzo hayo madogo, yanayorudiwa mara nyingi kwa siku, ndiyo yanayojenga lugha na utulivu wa moyo. Mtoto anayelishwa na kusafishwa vema, lakini hasemezwi, hukosa sehemu kubwa ya malezi.

Funzo kutoka Uganda

Sehemu muhimu ya elimu hii ilipatikana Afrika Mashariki. Mnamo mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akawachunguza watoto wachanga pamoja na mama zao. Kitabu chake juu ya utafiti huo kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto aliyemwamini mama yake humwacha kidogo, akatambaa kuchungulia huku na huko, kisha akamrudia apatapo hofu. Aliona pia kwamba mama walioweza kueleza kwa kinaganaga tabia za watoto wao ndio ambao watoto wao, kwa kawaida, walikuwa na utulivu zaidi.

Nchini Marekani, utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1991 uliwafuata watoto 1,364 katika sehemu kumi hadi wakafikia umri wa miaka 15. Waliopata walezi wasikivu na wenye kuzungumza nao walifanya vizuri kidogo zaidi katika lugha na masomo. Hata hivyo, malezi ya nyumbani yalikuwa na nguvu kuliko ya kituo. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba akimpeleka mtoto kituoni amekabidhi kazi yote.

Namna ya kutembelea

Yafaa mzazi afike wakati wa uji au watoto wanapoamka, maana ndipo kazi inapowazidi walezi. Aketi pembeni kwa muda wa nusu saa, atazame. Mtoto akilia, je, yuko anayemwendea? Mlezi huinama akamtazama usoni, au humkemea kutoka mbali? Watoto humkimbilia mlezi, au humwogopa?

Kisha amwombe mlezi amweleze habari za mtoto mmoja aliye mbele yao. Mlezi anayefahamu kwamba huyu hapendi uji wa moto, na yule hulala tu akipapaswa mgongo, ni mlezi anayewatazama watoto wake. Asiyeweza kusema lolote, pengine si mvivu. Huenda amepewa watoto wengi kupita kiasi, au ameajiriwa juzi tu. Ndiyo sababu lazima mzazi aulize pia idadi ya watoto kwa kila mlezi, na walezi hudumu kituoni muda gani. Nchini England mlezi mmoja haruhusiwi kuwa na watoto zaidi ya watatu walio chini ya miaka miwili. Vituo vingi vyetu huenda visikifikie kiwango hicho, lakini mzazi akikuta wachanga kumi mikononi mwa mlezi mmoja, ajue kwamba hakuna wema wa moyo uwezao kuwatosha wote.

Wazazi wengine huvutiwa na kituo kinachojisifu kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa miaka miwili ni heri mlezi amsemeze kwa urefu katika lugha anayoimudu, kuliko kumkaririsha maneno machache ya lugha asiyoiweza vema.

Usafi na usalama

Watoto wengi wakiwa pamoja, magonjwa huenea upesi. Uchunguzi katika vituo na shule za nchi tajiri umeonyesha kwamba kuhimiza unawaji wa mikono hupunguza kuhara kwa takriban theluthi moja. Mzazi atazame kama walezi hunawa kwa sabuni baada ya kubadilisha nepi na kabla ya kugawa chakula. Aangalie ndoo za maji zisizofunikwa, kwani mtoto mdogo aweza kuzama katika maji machache. Na jiko la mkaa lisiwe ndani ya chumba cha kulala, maana hewa yake yenye sumu haina harufu. Mwisho aombe kuona cheti cha usajili, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitaka vituo hivi visajiliwe. Maafisa wa ustawi wa jamii katika halmashauri waweza kumsaidia.

Siku za kwanza

Mtoto wa miezi minane au zaidi akilia wakati wa kuachwa, hiyo si tabia mbaya. Ni dalili kwamba anamtambua mzazi wake. Afadhali azoezwe polepole, kwa saa chache siku za mwanzo, na mzazi aage waziwazi badala ya kutoroka. Kilio hicho kikiendelea mchana kutwa kwa majuma kadhaa, au mtoto akianza kukataa chakula, mzazi arudi kituoni bila taarifa, aketi tena pembeni na kutazama.