Je, Wajua? Diwani ya Karatasi za Chooni

Je, wajua kwamba mojawapo ya diwani zinazoheshimiwa sana katika Kiswahili iliandikwa gerezani, kwenye karatasi za chooni? Ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1969 alifungwa miaka mitatu kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi?, ulioikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Diwani ikatoka 1973, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya fasihi. Tuzo hiyo inaitwaje? Jomo Kenyatta.

Ndani yake mna shairi la ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi. Wanajibizana beti kwa beti, kila mmoja na hoja zake, na wahakiki wengi wameuona mnazi huo kuwa ni Kenya yenyewe. Utamu wa shairi uko katika kupokezana huko: msomaji anajikuta amekuwa hakimu kabla hajajua kwamba anafundishwa kitu. Hotuba ya kurasa kumi kuhusu haki isingemfikisha hapo.

Je, wajua kwamba vina na mizani navyo ni walinzi? Mshororo wa shairi la kimapokeo mara nyingi huwa na mizani 16, yaani 8 kila upande, na vina katikati na mwishoni. Ukichomoa neno, sikio linashtuka. Ndiyo maana hata utenzi wa Mwana Kupona wa kumuusia bintiye, wa mwaka 1858, nao ukiwa na vina na mizani yake, uliweza kushikwa kichwani hata na wasiojua kusoma.

Euphrase Kezilahabi hakushawishika. Mwaka 1974, katika diwani yake Kichomi, aliandika mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wanamapokeo wakang'aka kwamba huo si ushairi. Ugomvi ulikuwa juu ya umbo, maana kwa maswali mazito ya maisha, Kezilahabi hakuwa nyuma ya yeyote.

Na Haji Gora Haji wa Zanzibar, katika shairi lililoipa jina diwani yake Kimbunga (1994), anasimulia upepo uliong'oa mibuyu ukaiacha minazi imesimama. Kwa nini? Haelezi. Wanafunzi wa Tanzania wamekuwa wakiisoma diwani hiyo sekondari na kuulizwa ujumbe wake kwenye mtihani. Namwonea huruma mwalimu anayesahihisha, kwa sababu majibu sahihi ni mengi.