Maji Maangavu Huweza Kuharibu Meno

Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa nchini Kenya, kama vile Naivasha, Nakuru na Baringo, huonekana watu wenye madoa ya rangi ya kahawia katika meno yao. Wengine hudhani kwamba ni uchafu wa kutopiga mswaki, na watoto huona haya kucheka mbele ya wenzao. Lakini sababu yake ni maji wanayokunywa.

Mawe ya Bonde la Ufa yalitokana na moto wa volkeno. Mvua inyeshapo, maji hupenya chini polepole na kukaa katika mawe hayo miaka mingi, nayo huyeyusha madini yaitwayo floridi. Floridi kidogo huyapa meno nguvu. Ikizidi, huyaharibu meno ya mtoto yangali yakikua ndani ya ufizi, na ikinywewa kwa miaka mingi huweza kukakamaza mifupa na viungo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Jicho haliwezi kuitambua floridi, wala kuchemsha maji hakuiondoi. Ndiyo sababu wataalamu hutengeneza ramani. Huchota maji ya kila kisima katika chupa safi, huandika mahali kilipo na kina chake, kisha huyapima. Visima vyema hutiwa rangi moja katika ramani, na vibaya rangi nyingine. Ramani hiyo ikilinganishwa na ile ya mawe, huonyesha mahali penye tumaini la maji mema, kabla fedha za wanakijiji hazijamalizwa katika kuchimba.

Hata hivyo, visima viwili vilivyo jirani vyaweza kuhitilafiana, hasa kama havina kina kimoja. Kwa hiyo ramani ni mwongozo tu, na kila kisima kipya hakina budi kupimwa kabla ya kutumiwa.

Pasipo na kisima chema, maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa safi yana floridi kidogo sana. Huko Nakuru vimetumiwa pia vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floridi. Maji ya kisima kibaya yafaa kufulia nguo. Yaliyo mema wapewe kwanza watoto wadogo, kwani doa likishaingia katika jino halitoki kwa kusuguliwa.